Mfuatano wa Vitenzi katika Usimulizi: Tunasahihisha Nini?

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Muhula uliopita nilisahihisha insha ya msichana wa Kidato cha Pili anayeishi Gatina, hapa Kawangware. Alikuwa amesimulia moto ulioteketeza ploti yao. Insha ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na karibu kila kitenzi kilibeba -ka-: moto ukatokea, watu wakapiga nduru, mabati yakaanguka, tukaenda kukaa kwa shangazi. Katikati ya mfululizo huo palikuwa na sentensi moja iliyojitenga: "Mimi nilikuwa nimeshinda nikingoja maji." Niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Pembeni nikaandika, "Vitenzi vitatu vya kazi gani? Endeleza -ka-." Nikampa alama 9 kwa 20, nikashika daftari jingine. Nilikuwa na madaftari zaidi ya hamsini mezani na stima ilikuwa inataka kupotea.

Siku mbili baadaye msichana huyo alinijia katika chumba cha walimu, daftari mkononi. Aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, nikiandika nikangoja maji, si itakuwa ni kama nilingoja moto ukishatokea?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana alikuwa amesema kweli. Kiambishi -ka- hukipanga kitenzi nyuma ya kile kilichotangulia. Laiti angenitii, angejikuta katika insha yake mwenyewe akienda kupanga foleni ya maji nyumba yao ikiwa tayari ni majivu. Nilipomdadisi zaidi ndipo nilipofahamu kwamba saa hizo alizokuwa kwenye foleni, mdogo wake alikuwa amefungiwa ndani, na ni majirani waliovunja mlango wakamtoa akiwa salama. Hilo halikuwamo katika insha. Kilichokuwamo ni vile vitenzi vitatu tu, na ndivyo nilivyotaka avifute.

Makala haya yametokana na swali hilo. Ninakusudia kuonyesha kwamba namna vitenzi vinavyoungana katika sentensi ya Kiswahili si suala la sarufi pekee. Ni mahali ambapo msimulizi hutuonyesha amesimama wapi kuhusiana na yale anayoyasimulia. Tusipofunza uhakiki kuanzia hapo, tutaendelea kuyasahihisha yasiyo makosa na kuyapita yaliyo na maana.

Mishale ya ubaoni

Kila mwalimu anakijua kipindi hiki. Unaandika sentensi ubaoni, kisha unachora mshale chini ya kila kitenzi: hiki ni kisaidizi, hiki ni kikuu, hiki ni kishirikishi. Ts, T, t. Wanafunzi hulipenda zoezi hili kwa sababu lina jibu moja, na mtahini hulipenda kwa sababu hiyo hiyo. Katika karatasi ya pili ya KCSE, matumizi ya lugha huchukua alama 40 kati ya 80, na si vibaya mwanafunzi kujiokotea mbili tatu kwa kutenga kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu. Baadaye mwanafunzi huyo huyo huketi kufanya karatasi ya tatu, akatakiwa kuhakiki mtindo wa mwandishi. Huanza kuorodhesha: tashbihi, takriri, tanakali za sauti, methali. Sijawahi kumpata hata mmoja aliyeandika kwamba mwandishi ameiacha -ka- hapa akaingiza "alikuwa aki-", basi na tujiulize ni kwa nini. Tumemfunza kwamba kitenzi ni mali ya karatasi ya pili na fasihi ni mali ya karatasi ya tatu, kana kwamba mwandishi aliandika sura moja kwa vitenzi na nyingine kwa tamathali.

Istilahi zenyewe zinatupotosha kidogo. Neno "kisaidizi" humfanya mwanafunzi aamini kwamba kuna kitenzi kimoja chenye maana na vingine ni utingo wake. Irudie sentensi ya msichana wangu. Kwa mujibu wa mishale, kitenzi kikuu ni "nikingoja", na viwili vya mwanzo ni visaidizi. Lakini ni kipi kati ya hivyo vitatu kinachouma? Si kungoja, kwa kuwa kungoja maji Kawangware ni jambo la kila siku. Kinachouma ni "nimeshinda", kwa sababu ndicho kinachotaja urefu wa muda: kutwa nzima, mtungi mikononi. Na "nilikuwa" huzichukua saa hizo zote na kuziweka nyuma ya moto, zikiwa zimeshapita moto ulipoanza. Ukivichambua vitenzi hivyo kwa mishale utazipata alama zako zote na usione chochote.

Mambo ambayo -ka- haiyasemi

Ashton, katika sarufi yake iliyochapishwa mwaka 1944, anaieleza -ka- kama alama ya tendo linalofuatia jingine, na vitabu vyetu vya shule vimelirudia jambo hilo tangu hapo. Ni kweli, ila halitoshi. Juu yake sisi walimu tumejiongezea sheria. Mojawapo husema kwamba -ka- haiwezi kuanzisha masimulizi, kwamba ni lazima -li- itangulie. Lakini ngano zetu huanzaje? Fanani huita "Paukwa!" na hadhira huitika "Pakawa!" Hakuna -li- iliyotangulia. Hadhira haijaambiwa chochote bado, na tayari imetia -ka- kinywani. Naona hapo wasikilizaji wanakubali kuingia katika mfululizo ulioanza kabla yao. Mwanafunzi anayeifungua insha kwa "Jogoo akawika, mama akaniamsha" hajakosea. Amefanya lifanywalo na bibi yake.

Jambo la pili ni kwamba -ka- haina ukanushi wake. Tunasema "nikabisha", lakini umbo hilo haliwezi kutiwa ukanushi likabaki na -ka- yake. Msimulizi akifika mahali ambapo jambo halikutokea, hana budi kuchagua. Anaweza kusema, "Nikabisha hodi, wasifungue." Au anaweza kusema, "Nikabisha hodi, hawakufungua." Zisome kwa sauti. Ya pili ni taarifa: mlango haukufunguliwa, basi. Ya kwanza bado imesimama mlangoni. Ile "wasifungue" imebeba matarajio ya aliyebisha, na ndiyo maana katika masimulizi ya watu wa pwani utaisikia mara kwa mara mtu anapotafuta asione, anapoita asiitikiwe. Wanafunzi wa Nairobi aghalabu wanaijua hiyo ya pili peke yake. Mimi mwenyewe sikumbuki kuwahi kuifunza hiyo ya kwanza, na sikumbuki kufunzwa.

La tatu, nalo ndilo zito zaidi kwa mhakiki, ni kwamba -ka- hupanga matukio bila kutaja sababu. "Mvua ikanyesha, ukuta ukaanguka." Hakuna mahali tulipoambiwa kwamba mvua ndiyo iliyouangusha ukuta. Sisi wasikilizaji ndio tunaojazia. Kwa hiyo -ka- inaweza kuwa chombo kizuri mno cha kufichia wajibu, hasa ikifuatana na kauli ya kutendwa. "Tingatinga zikaja, nyumba zikabomolewa, watu wakahama." Mkaazi yeyote wa mitaa ya mabanda, iwe Kibera au Kawangware, ameshaisikia sentensi ya aina hii. Ni laini, haina kona. Nani aliyezituma tingatinga? Nani aliyebomoa? Watu walihama, au walihamishwa? Mfululizo unakwenda mbio kiasi kwamba huna mahali pa kulitia swali lako. Mwanafunzi anayejua kuisimamisha -ka- na kuiuliza hivyo ameshaanza kuwa mhakiki, hata kama hakumbuki tofauti ya tashihisi na tashbihi.

Lakini nisiionee -ka-. Nimeona kwamba wanafunzi wanaosimulia mambo mazito, kama vile msiba, kufukuzwa katika nyumba au baba kutorudi, huikimbilia zaidi kuliko wanaosimulia harusi na ziara ya makavazi. Zamani nilidhani ni uvivu wa lugha. Sasa naona kwamba -ka- humwezesha msimulizi kupita. Ukiwa na -ka- husimami mahali popote kwa muda mrefu. Ndiyo sababu mahali ambapo mwanafunzi ameiacha ghafla panafaa kusomwa polepole, kalamu nyekundu ikiwa mfukoni.

Kiswahili cha njia ya 46

Baada ya kisa hicho nilinunua kijidaftari, nikaanza kuandika namna watu wanavyovifuatanisha vitenzi wanapozungumza, hapa Kawangware ninapofunza na ninapoishi. Si utafiti wa chuo kikuu, na sitakupa asilimia. Ni masikio tu.

Kituoni, kondakta wa matatu ya 46 huita, "Ingia twende!" Amri, kisha dhamira tegemezi. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyofuatanisha vitenzi baada ya amri: njoo ule, keti tuzungumze, onja uone. Kitenzi cha kwanza ni cha msikilizaji, cha pili ni ahadi. (Kwamba ahadi ya "twende" hutimizwa gari likijaa, na si kabla, ni suala la uchumi wala si la sarufi.)

Siku ya wazazi, mama mmoja aliyekuja kunieleza kuhusu karo alisema: "Mwalimu, wiki hii yote tumeshinda tumekaa." Kwa asiyejua mtaa huu, hiyo ni habari ya watu waliokuwa wakistarehe. Wanawake wengi wa Kawangware hutoka asubuhi wakaketi kando ya barabara upande wa Lavington na Kileleshwa, wakingoja kuitwa kufua nguo. Kukaa ni kukosa kuitwa. Kushinda umekaa ni kukosa kuitwa mpaka jioni. Katika sentensi ile hapakuwa na neno kazi, wala pesa, wala njaa. Vitenzi viwili, vyote vya -me-, vilivyolazwa ubavu kwa ubavu, vilitosha. Angalia pia kwamba hakusema "tumeshinda tukikaa". Hakuna asemaye hivyo. Kukaa kwa -me- ni hali iliyokwisha kumshika mtu, ilhali kungoja kwa -ki- ni tendo linaloendelea ndani ya saa zile. Mama yule hakufunzwa kanuni hiyo na mtu, na hakuikosea.

Vijana wake wanakisogeza kitenzi hicho hicho mbele zaidi. "Anashinda akinipigia simu," kijana atasema kuhusu rafiki aliyempigia mara nne kati ya saa tatu na saa nne. Kutwa nzima imetoka katika kushinda. Kilichobaki ni kule kurudiarudia kunakochosha. Kitenzi kimeanza kuwa chombo.

Vilevile kuna yale maumbo yanayotufanya tushike kichwa. "Mama anapikanga chapati." "Mama ako anapika." Tunayaandikia "Sheng!" pembeni na kuendelea. Si Sheng hasa. Hiki kiishio cha -nga kinahusishwa na lugha za Waluhya, walio wengi Kawangware, na Kikuyu nacho kina -aga yake inayofanya kazi ya jamaa hiyo. Wanaisimu wa lugha za Kibantu huvirejesha viambishi vya namna hii kwenye umbo la kale sana, -ag-, ambalo Kiswahili Sanifu hakikulibakiza. Na tazama kazi inayofanywa. "Mama anapika" katika sanifu yaweza kuwa jambo la sasa hivi, na yaweza kuwa mazoea. Mtoto wa Kawangware ametenga: "anapikanga" ni mazoea, "ako anapika" ni sasa hivi, sufuria jikoni. Sanifu nayo ina njia zake, "hupika" na "yuko anapika", lakini katika mazungumzo ya mtaa hiyo hu- ni nadra kuisikia. Mtoto hakuibomoa sarufi. Aliona ufa akauziba kwa kilichokuwa karibu.

Najua pingamizi zitakazotolewa, kwani nimezisikia kwenye chai ya saa nne. Kwamba nataka kuruhusu -nga katika insha za mtihani. La hasha. Insha rasmi ina sajili yake, na mwanafunzi atakayeandika "tulikuwanga tunaenda" katika karatasi ya kwanza atapoteza alama, na ni sharti tumwambie hivyo mapema. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kumwambia "hapa si mahali pake" na kumwambia "huna lugha". Na katika mazungumzo ya wahusika, iwapo mwanafunzi anaandika hadithi ya mtaani, mhusika wake na aseme asemavyo mtaani. Hakuna kondakta anayenena kama kamusi.

Tukumbuke pia kwamba hicho tunachokiita sanifu kilipatikana kwa njia hizo hizo. Lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Lakini vitenzi vilikuwa vimeungana na kumezana kabla ya kamati yoyote. Chukua -ta- ya wakati ujao. Hiyo ni kutaka iliyokonda, na mifupa yake ingali inaonekana katika "atakayekuja" na "watakaofika", ambamo -taka- imerudi nzima. Mchakato huo haujafa. Mtu akikuambia "ukuta unataka kuanguka", hamaanishi kwamba ukuta una matamanio. Na mimi, msomaji, nilipokuambia hapo mwanzo kwamba stima ilikuwa inataka kupotea, yamkini hukushtuka. Chukua -sha-: "amekwisha kula" ikawa "amekwishakula", ikawa "ameshakula", na mtaani ni "ashakula". Neno "kisha" lenyewe limetokana na kwisha. Ile -ja- ya "hajafika" wengi huihusisha na kuja, na kuja kwenyewe kungali kunafanya kazi nzima nzima katika "usije ukasahau" na "utakuja kujuta". Kila mojawapo ya maumbo haya lazima siku moja lilimkera mzee fulani aliyependa vitenzi vyake viwe vizima.

Huko mbali nako

Niruhusu nitoke Kawangware kidogo. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anajifunza Kikorea, alinitembelea akanionyesha daftari lake. Nilitarajia maajabu. Nilichokiona kilinifanya nicheke kwa sababu nilikitambua. Wakorea wakitaka kumwambia mtu ajaribu kula kitu, huviunganisha vitenzi viwili, kula na kuona: meogeo boda. Si ndiyo "onja uone" yetu? Kuleta kwao ni kushika na kuja, gajyeo oda. Kupeleka ni kushika na kwenda, gajyeo gada. Mtoto wa hapa akitumwa huambiwa, "Chukua ulete."

Tofauti iko katika mpangilio, nayo inatufaa sisi. Katika Kikorea kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na vitenzi vikifuatana hivi kwa kawaida ni kile cha mwisho kinachobeba wakati. Vilivyotangulia havitaji kama ni jana au ni kesho. Msikilizaji hungoja. Sisi ni kinyume. Kitenzi cha kwanza hutamka wakati mara moja, "alitoka", kisha vingine vyote hufuata kwa -ka- bila kuutaja tena: akafunga mlango, akavuka barabara, akapotea. Msikilizaji wetu hangoji, bali hukumbuka. Kwa hiyo msimulizi wa Kiswahili ana mamlaka makubwa mwanzoni na madogo baadaye. Akishaachilia kitenzi cha kwanza, mfululizo unamburuta, na njia yake ya kuusimamisha ni kuleta kitenzi kingine cha kuusaidia: alikuwa, alikaa, alishinda, hakuwahi, alikuja ku-. Tangu jioni hiyo nimeacha kuviita visaidizi nikiwa peke yangu. Naviita breki.

Vitabu teule

Jambo hili linatusaidiaje darasani tunapohakiki? Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na ambayo wengi wetu tuliisoma tukiwa wanafunzi. Inasimuliwa na Kongowea Mswahili, katika nafsi ya kwanza, akiitazama nyuma safari yake ya kumtafuta baba hadi Kitale. Msimulizi wa namna hii ni watu wawili. Kuna kijana anayetembea, na kuna mtu mzima anayekumbuka. Tunawaambia wanafunzi kwamba "usimulizi wa nafsi ya kwanza hujenga ukaribu", wakalikariri. Afadhali tuwape ukurasa mmoja na swali moja: ni vitenzi vipi hapa ni vya yule anayetembea, na ni vipi ni vya yule anayekumbuka? Watagundua haraka kwamba -ka- ni miguu ya kijana. Yule anayekumbuka huhitaji vitenzi viwili viwili. Zoezi hilo huchukua dakika ishirini na halihitaji mwongozo wowote wa kununua.

Walibora huyo huyo alikiita kitabu chake cha mwaka 2003 Kufa Kuzikana. Vitenzi viwili, hakuna kiunganishi, hakuna wakati, hakuna mtenda. Ni msemo wa watu wote kuhusu marafiki wa dhati, lakini ukiutoa katika msemo na kuuweka kwenye jalada la riwaya inayohusu nchi iliyogawanyika kwa ukabila, pengo lililo kati ya vitenzi hivyo viwili hupanuka. Nani anakufa? Nani atabaki kumzika mwenzake? Bila shaka miongozo imeeleza anwani hiyo, lakini kwa maudhui: urafiki, uaminifu. Mimi ningetaka mwanafunzi aanze kwa kushangaa kwamba hakuna neno lililokaa katikati.

Tamthilia ni suala jingine. Katika Kigogo ya Pauline Kea hakuna msimulizi wa kuburutwa na -ka-. Maelekezo ya jukwaani katika tamthilia zetu kwa kawaida huandikwa kwa -na-, kwa sababu jukwaani kila kitu ni sasa. Mfululizo wa -ka- ukijitokeza, basi ni mhusika fulani anayemsimulia mwenzake jambo ambalo sisi hatukuliona. Na mtu anayesimulia jambo ambalo hatukuliona ni mtu wa kutiliwa shaka, hasa Sagamoyo. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wazitafute sehemu hizo peke yake katika tendo moja na waulize kila msimulizi ameacha nini. Mjadala uliozuka ulivuka kengele ya chakula cha mchana, na walioijua shule yetu watakubali kwamba hilo si dogo.

Sijafanikiwa vivyo hivyo na hadithi fupi, pengine kwa kuwa tunazisoma kwa pupa. Wala sijajua la kufanya na ushairi, ambako mizani humlazimisha mtunzi kukata vitenzi na mhakiki hawezi kuamua kwa urahisi ni lipi limekatwa kwa maana na ni lipi kwa mizani. Mwalimu aliyejaribu na atuandikie.

Nikirejelea Kidato cha Pili. Wiki mbili kabla ya likizo niliwapa darasa zima aya fupi niliyoitunga mwenyewe kuhusu moto, vitenzi vyake vyote vikiwa vya -ka-, kumi na viwili kwa jumla. Nilimwomba yule msichana ruhusa kwanza, kwa faragha, naye akasema hana neno mradi nisitaje jina. Agizo lilikuwa hili: toeni kitenzi kimoja tu katika mfululizo, mkiandike upya kwa vitenzi viwili au vitatu, kisha mwandike sababu kwa sentensi moja. Nilidhani watakimbilia kile cha mwanzo. Hawakukubaliana hata kidogo. Wengine walichagua watu waliopiga nduru, "walikuwa wameshaanza kupiga nduru", wakidai kwamba jirani ndiye aliyeuona moto kwanza. Mmoja alichagua maji: "yakaja yakiwa hayana haja tena." Niliikagua sentensi hiyo mara tatu nikitafuta kosa. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida huandika mistari mitano na kulala, aliyachagua mabati. Badala ya "yakaanguka" aliandika "yalikuwa yanaangukanga". Nilimwuliza kwa nini. Alisema, "Mwalimu, hayakuanguka mara moja. Ilikuwa moja, halafu ingine, halafu ingine, usiku wote."

Nilimwambia kwamba katika mtihani ataandika "yalishinda yakianguka", au kwa kuwa ni usiku, "yalikesha yakianguka". Akalijaribu hilo la pili kinywani mara mbili, akaliandika. Lakini hakulifuta la kwanza, nami sikumwagiza alifute. Daftari la msichana nimelirudia pia. Alama sasa ni 14, na mstari mwekundu ungali pale chini ya vile vitenzi vitatu, kwa kuwa wino haufutiki, ila pembeni nimeandika tarehe na sahihi yangu.